Mkono Uliobebwa na Mwenzake

Sifa zote ni zake Mungu, aliyenijalia kuiona mikorosho ikichanua mara nyingi kuliko nilivyostahili, na aliyeniachia akili yangu mpaka uzeeni ili nikumbuke hata yale ambayo ningependa kuyasahau. Namsifu kwa uzima nilio nao. Namsifu kwa mjukuu wangu wa kike, ambaye habari zake ndizo nitakazozisimulia. Nikiongea kwa uchungu, msomaji anivumilie. Bibo lililoiva ni tamu, lakini ukimaliza kulila linakuachia koo lililokwaruzwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisoma shule ya Chidya, nikafundisha shule za msingi wilayani Masasi miaka yangu yote ya kazi, na Jumapili nilifundisha watu wanaojiandaa kwa kipaimara. Mke wangu alishatangulia kwa Bwana. Binti yangu ni fundi cherehani Newala mjini. Mwanawe alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, na kwa kuwa kliniki yake ilikuwa Masasi, na Newala maji ni ya kuvizia, tulikubaliana mtoto akae kwangu. Tulikaa vizuri. Kwa utani wa babu na mjukuu, kama ilivyo kwetu, yeye alikuwa mke wangu na mimi mume wake mzee asiye na meno.

Siku kiharusi kilipomjia tulikuwa shambani, msimu wa korosho. Alikuwa darasa la pili. Mimi nilikuwa nafagia chini ya miti, yeye amekaa kando ya rundo anazinyofoa korosho kwenye mabibo. Nikamwona anainama taratibu upande mmoja, kama mtu anayeegemea ukuta usiokuwapo.

Nikamtania, "Mke wangu, umechoka kabla ya mzee?"

Kwa kawaida angenijibu, "Nimechoka kukulisha wewe." Siku ile alifungua mdomo, upande mmoja ukafunguka na mwingine ukabaki ulivyokuwa. Mate yakamtoka. Korosho aliyokuwa ameishika kwa mkono wa kulia ikaanguka, na mkono nao ukaanguka.

Hospitalini walisema ni kiharusi, na kwamba selimundu ndiyo iliyokileta. Majirani walikuja kutupa pole, na kila mmoja aliniuliza kama nimesikia vizuri. "Kiharusi? Hicho si ugonjwa wa sisi wazee?" Nilijibu kwamba kilikuwa kinanitafuta mimi kikakosea mlango. Watu walicheka kidogo, kwa heshima. Usiku nilipiga magoti nikamwambia Mungu maneno yale yale, wala sikuwa natania.

Aliamka. Maneno yakarudi, kwanza yakiburutwa, kisha yakanyooka. Mguu ukarudi kiasi. Mkono wa kulia ukabaki nyuma.

Miezi michache baadaye daktari mmoja wa kike, kijana, mgeni kwetu, alinikuta kwenye benchi la kliniki. Akaniamkia, akaniambia ameelezwa kwamba mimi ni mwalimu na kwamba nakijua Kimakonde na Kiyao pamoja na Kiswahili. Yeye na wenzake walikuwa na dodoso la kupima watoto waliopata kiharusi: mkono unaweza nini, mguu unaweza nini, mtoto anaelewa, anasema. Kila jibu lina alama, na alama zikiwa nyingi shida ni kubwa. Dodoso lilitungwa nchi za mbali. Walitaka likae sawa kwa watoto wa huku, ili hata muuguzi wa zahanati ya kijijini aweze kumuuliza mzazi na kujua mtoto yuko wapi, kwa sababu madaktari wa kuwakagua watoto mmoja mmoja hawatoshi.

Nilifurahi. Mstaafu akiitwa kazini tena, hata mgongo unasahau kuuma.

Tulikaa katika chumba kimoja cha hospitali, daktari, muuguzi mmoja mzaliwa wa Newala, na mimi, tukalipitia swali kwa swali. Mengine yalituchekesha. Je, mtoto hupanda ngazi kwa kupokezana miguu? Muuguzi akauliza, "Ngazi ya kwenda wapi? Darini kwenye panya?" Tukaweka kupanda mteremko akitoka kisimani. Je, hukata chakula kwa kisu na uma? Tukaweka kumega ugali, kufinyanga tonge na kuchovya. Kulikuwa na picha za kumwonyesha mtoto azitaje. Moja ilikuwa jiko kubwa la umeme. Mjukuu wangu alipoonyeshwa alisema ni kabati, na daktari akakiri kwamba kama tusingekuwapo, angeandikiwa alama ya kuharibika kwa usemi. Tukaweka picha ya kinu, ungo na jembe. Katika hayo nilikuwa sahihi, na nilijua kwamba niko sahihi. Nayasema haya ili msomaji aelewe nilivyopata ujasiri kwa lile lililofuata.

Dodoso lilianza bila hodi. Swali la kwanza lilikuwa: mtoto wako anashindwa kufanya nini kwa mkono ulioathirika?

Nikaweka kalamu chini. "Daktari, hapa huwezi kuanza hivi."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Umemkuta mtu na msiba wake, hujamsalimu, unamwambia akuhesabie kasoro za mwanawe. Atakuona hukufunzwa na mama yako."

Muuguzi akasema, "Kweli kabisa. Kwetu Newala atachukua ndoo yake aondoke."

"Basi unapendekeza nini?" daktari akauliza.

"Kwanza salamu. Kisha uliza: mtoto hajambo? Mzazi akijibu, mmshukuru Mungu pamoja. Ndipo uingie kwenye maswali. Na hilo neno 'anashindwa' litoke. Uliza anaendeleaje."

Akakuna kichwa kwa kalamu. "Lakini salamu haina alama."

"Adabu haina alama, Daktari."

Muuguzi alipiga meza kwa kicheko, daktari naye akacheka, na maneno yangu yakaandikwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mkubwa.

Baada ya hapo kipimo chenyewe kilipaswa kupimwa. Daktari alitueleza kwa namna ambayo hata mtoto wa darasa la nne angeelewa. Ukimuuliza mzazi leo, na mwenzako akimuuliza baada ya wiki mbili, na mtoto hajabadilika, majibu yafanane. Yasipofanana, kipimo ni kama mizani ya mchuuzi. Wazazi wakaitwa, kutoka Masasi na kutoka vijiji vya juu, na wengine tuliwafuata Newala. Mimi niliwauliza wengine. Kwa kuwa nilikuwa mlezi wa mtoto mgonjwa, mimi pia niliulizwa.

Muuguzi ndiye aliyeniuliza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjukuu hajambo?"

"Hajambo kabisa. Tunamshukuru Mungu."

"Tunamshukuru Mungu. Haya, mkono wake wa kulia unaendeleaje wakati wa kula?"

Nilikwisha sema hajambo kabisa. Nilikwisha mtaja Mungu na kumshukuru. Sasa nianze kusema kwamba tonge halifinyangiki? Ingekuwa kama mtu aliyepokea zawadi kwa mikono miwili, kisha akaigeuza kutafuta ilipopasuka, mwenye kuitoa akiwa amesimama pale pale.

"Anakula vizuri," nikasema. Na alikula vizuri. Nilikuwa nammegea mimi.

"Akimpa mtu kitu, anatumia mkono wa kulia?"

"Siku zote. Nimemlea mimi."

Hilo nililisema kwa fahari, na halikuwa uongo. Nyumbani kwangu mtoto hampi mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto. Hata baada ya kiharusi mjukuu wangu hakuwahi kunivunjia heshima hiyo. Aliponiletea maji aliweka kikombe kwanza kwenye kigoda. Kisha kwa mkono wa kushoto aliuinua ule wa kulia, akauweka juu ya kikombe, akavizungusha vidole kimoja kimoja, akavibana kwa kiganja cha kushoto, akaninyooshea. "Karibu maji, mume wangu." Nilipokea na kumwombea baraka. Niliona adabu. Mtu anayekitazama sana kitu kimoja huwa hakioni kingine.

Niliwauliza wengine kama nilivyoulizwa. Alikuja mama mmoja kutoka Chilangala, amembeba mwanawe mgongoni kwa kanga, mtoto mkubwa, miguu yake inafika magotini mwa mama. Nikamuuliza, mtoto hajambo? "Hajambo, Mwalimu. Tunamshukuru Mungu." Nikamuuliza mguu unaendeleaje. "Unaendelea vizuri." Anatembea? "Anatembea." Nikaandika. Mtoto alikuwa mgongoni mwake muda wote, na mimi nikaandika kwamba anatembea.

Wiki mbili zikapita, waulizaji wakabadilishana, tukarudia. Majibu yalifanana kwa namna iliyomshangaza daktari. Alikuja na maandazi, akasema hakutegemea kipimo kikae sawa haraka hivyo. Alinishukuru mbele ya wote. Nami nilisema, si mimi, ni Mungu. Leo nikikumbuka maneno hayo nasikia aibu, kwa maana kweli hakuwa Mungu, nilikuwa mimi. Tulisema hajambo mara ya kwanza, tukasema hajambo mara ya pili. Ungetuuliza mara kumi tungesema hajambo mara kumi.

Ndipo ikaja orodha. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo angefika Masasi kila wiki kwa miezi kadhaa, na nafasi zilikuwa chache. Wataalamu wakaamua kuanza na watoto wenye alama nyingi kwenye dodoso, kwani wao ndio wenye shida kubwa. Ni uamuzi wa haki. Hata mimi ningeamua hivyo. Mjukuu wangu alikuwa na alama chache mno. Jina lake halikuwamo.

Sikulalamika. Nilimwambia daktari kwamba wapo wanaohitaji zaidi, na kwamba sisi tutasubiri kwa saburi. Nikaenda zangu na moyo mwepesi. Nilidhani hiyo ndiyo imani.

Tulikaa na saburi hiyo miezi sita. Vidole vya mjukuu wangu vilianza kujikunja, kifundo cha mkono kikapinda kwa ndani, kiwiko kikajibana mbavuni. Mambo hayo huja polepole, kila siku ni kama jana, na mimi niliyekuwa naye kila siku ndiye niliyekuwa wa mwisho kuyaona.

Binti yangu alikuja Krismasi. Alikuwa amemshonea mwanawe gauni la kwendea kanisani, lenye mikono mirefu. Alijaribu kumvalisha, mkono wa kulia haukupita. Fundi cherehani anajua mkono wa mtoto unavyopaswa kuingia kwenye nguo. Aliliweka gauni kitandani, akatoka nje nilipokaa.

"Baba, wanamfanyia mazoezi siku gani?"

"Bado hajaanza. Walianza na wenye shida."

"Wenye shida." Alilirudia neno kama anayelionja. "Na yeye walisema hana?"

"Alama zake zilikuwa chache."

"Alama alizipata wapi?"

"Niliulizwa mimi. Nilijibu."

"Uliulizwa nini, Baba? Niambie maswali."

Nilimwambia. Nilipofika kwenye swali la kumpa mtu kitu kwa mkono wa kulia, nilimwita mjukuu wangu alete maji, ili mama yake ajionee. Mtoto akaja na kikombe, akakiweka kwenye kigoda, mkono wa kushoto ukaenda kuuinua wa kulia.

"Ngoja," binti yangu akasema. "Mwanangu, huo wa kushoto uweke mgongoni. Sasa mpe babu maji."

Mtoto akanitazama mimi, hakumtazama mama yake. Akauweka mkono wa kushoto mgongoni. Mkono wa kulia ukabaki ulipo, umebanwa mbavuni, umefungwa kama ngumi ya mtoto mchanga. Bega likapanda, likashuka. Alikaza midomo kwa juhudi. Kikombe kilikuwa karibu naye, kingefikiwa hata na kuku. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Babu, naomba nichukue na ule mwingine. Huu hausikii."

Binti yangu alimvuta kifuani. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Umemshukuru Mungu kwa mkono wa mwanangu, Baba," alisema. "Ungemshukuru kwa wa kwako."

Katika dini yetu sala za kulia na kulalamika mbele za Mungu ni nyingi. Nilizifundisha kwa vijana miaka na miaka, nikawaeleza kwamba Mungu hachukizwi na mtu anayemwambia panapouma. Nilizijua kwa moyo. Nilipoulizwa panapouma, sikuitumia hata moja.

Sikukuu zilipokwisha nilikwenda hospitali na kumwambia daktari yote, nimesimama, kofia mkononi. Alinisikiliza, kisha akaleta makaratasi ya wazazi wote na kuyapanga mezani. Akayapitia moja moja.

"Mwalimu," akasema, "kumbe yalifanana kwa sababu hiyo."

"Ndiyo, Daktari."

"Ningepaswa kuwakagua watoto wenyewe, hata wachache, nilinganishe. Niliambiwa nifanye hivyo, nikapendezwa na majibu." Alikuwa kijana, na macho yake yalikuwa mekundu. Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemzidi umri na kumwambia adabu haina alama.

Tukawarudia wazazi. Safari hii hatukuuliza. Tulimwambia mtoto atende mbele yetu. Chukua korosho hizi uzitie kwenye bakuli, mkono huu kwanza, sasa ule. Funga kifungo hiki. Tembea mpaka mlangoni urudi. Nilimkuta mama wa Chilangala kwao, anaanika muhogo. Mwanawe alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nilipomwomba atembee, mama alimwinua, mtoto akapiga hatua mbili, akashika ukuta.

"Mama, ulinijibu kwamba anatembea."

Alinitazama kwa mshangao, bila hasira. "Mwalimu, uliniuliza hajambo. Wewe mzee, mtu wa kanisa, umemtaja Mungu. Ningesemaje? Ningesema hapana, huyu ana jambo?"

Mwanawe naye alikuwa amekosa nafasi. Kwa mjukuu wangu nilikosea mimi mwenyewe. Kwa yule wa Chilangala nilimwekea mama yake maneno mdomoni, nikayafunga kwa jina la Mungu ili asiweze kuyatema. Nikikosa usingizi, mtoto huyo naye namwona.

Dodoso likaandikwa upya. Salamu imebaki, kwa maana mtu ni lazima asalimiwe, lakini hakuna tena kuulizwa kama mtoto hajambo. Kuna maagizo: mtoto atende, mkono mzima uzuiwe, mwenye kupima aandike alichokiona. Daktari anasema kipimo sasa kinapima kweli. Nasikia watakitumia mbali kuliko huku. Watakaopimwa nacho hawatajua kwamba kilinyooshwa kwa mkono wa mtoto uliopinda, na sioni sababu ya mtu kuniambia nijifariji kwa hilo. Binti yangu aliwahi kuambiwa hivyo na mtu mwema. Akamjibu, "Basi wanipe wao mkono wao."

Awamu iliyofuata mjukuu wangu alipata nafasi, na yule wa Chilangala pia. Mvulana anatembea sasa, anachechemea, lakini kanga ya mama yake imerudi kuwa kanga. Kwa mjukuu wangu, mtaalamu wa mazoezi alivinyoosha vidole kimoja kimoja, akavipima kwa kifaa chake, akaniambia bila kunizunguka: kiwiko kitafunguka kiasi, vidole havitafunguka tena kama zamani. Nilimuuliza ingekuwaje kama tungekuja ile mara ya kwanza. Alikuwa mtu mpole, akataka kukwepa. Nikamwambia, "Niambie, mwanangu. Mimi nimechoka kujibiwa vizuri."

"Tungeuokoa kwa sehemu kubwa, Babu," akasema.

Binti yangu alimchukua mwanawe wakakae wote Newala, kwenye maji ya kununua kwa ndoo. Siku za mazoezi wanashuka Masasi na kulala kwangu. Mtoto ananiletea maji kwa mkono wa kushoto, moja kwa moja, bila kigoda. Mara ya kwanza alisita mlangoni. Nikamwambia, "Lete, mke wangu. Mzee ana kiu." Nilipokea kwa mikono yangu miwili. Mama yake alikuwa anatazama. Neno la kunisamehe bado hajalisema.

Jumapili baada ya ibada watu huniuliza, "Mwalimu, mjukuu hajambo?" Nawajibu, "Mkono wake wa kulia haufunguki. Ahsanteni kwa kuuliza." Wengine hushtuka, kana kwamba nimetukana mlangoni mwa kanisa. Kisha baadhi yao hunivuta kando na kuanza kunieleza habari za nyumbani kwao, zile za kweli.

Bado namshukuru Mungu, asubuhi na jioni. Ila sasa kabla ya kushukuru namweleza kwanza panapouma, kwa jina la kila kiungo, na nikimaliza namwomba msamaha kwa ajili ya mkono mmoja.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akubariki wewe na watoto wa nyumba yako. Akupe viungo vinavyokusikia. Akupe macho ya kuyaona yanayotokea polepole, na ukiulizwa habari za aliye dhaifu, akupe kinywa cha kusema ukweli mapema, wakati bado unafaa kitu. Amina.